Uso wa Rubani

Mchoraji Shekue alikuwa akitia sahihi nakala za picha yake ya ndege ya kivita ya mwanzoni mwa vita. Zilichapwa chache, kila moja na namba yake. Bi Sikudhani, mjane wa rubani wa ndege hiyo, aliinamia moja akaikazia macho.

"Mwanangu, mbona rubani hana uso?"

"Sikumjua, mama."

"Mimi nilimjua. Siku yake ya mwisho aliirusha ndege chini sana, karibu na paa letu, akicheka hadi nikayaona meno. Hata picha yake sina."

Shekue akaweka kalamu, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi.

"Alicheka vipi, mama?"

Bi Sikudhani akafumba macho, na taratibu midomo yake ikaanza kufunguka.