Wimbo Uliompa Shaame Jina

Spika zote zilikuwa zimeshabadilishwa: wimbo hautoki ila kwa sauti ya aliyeutunga, kama ulivyotoka siku ya kwanza. Shaame, mwimbaji wa taarabu, hakujali, mpaka wenzake wa kilabu walipokuja nyumbani kumpongeza kwa tuzo yake, wakauweka ule wimbo uliompa jina. Ikatoka sauti ya mkewe, Zuwena, na nyuma yake mtoto akilia, sufuria zikigongana.

Wageni wakainamia mkeka.

Zuwena akatoka jikoni na sinia la pilau. "Mbovu hiyo spika," akasema, bila kumtazama mumewe. "Wimbo wa Bwana Shaame huo. Karibuni mle."

Wenzake walikuwa wakimngojea Shaame aseme. Akanawa mikono, akapiga bismillahi, akawa wa kwanza kula.