Kijiko cha Uji

Kwa miezi minne Mwanakheri alimlisha mama yake aliyepooza upande wa kushoto, na kila asubuhi mama aligeuza uso. Siku aliyorudi Raya, mdogo wake Mwanakheri, mama alipokea kila kijiko cha uji huku akitabasamu.

Mwanakheri alitazama kutoka mlangoni, wivu umemkaba. Aliona Raya anamlisha mama akiwa amelala chali, jambo ambalo muuguzi alilikataza. Akanyamaza.

Mama akapaliwa.

Mwanakheri alimkimbilia, akamketisha, akamwinamisha mpaka pumzi ikarudi.

“Dada, uliniona,” Raya alisema. “Mbona hukuniambia?”

Mwanakheri alimwekea mama mito mgongoni. Mama alinyoosha mkono wa kulia, ukabaki hewani, katikati ya binti zake wawili.