Wimbo Usiorudi Nyumbani

Mzee Mahamudu aliamuru kosa lipigwe, walisikie wote.

Hemedy akakifungua kinanda alichokifunga kitenge tangu Kibiti, akakilaza juu ya meza ya kulia chakula, akachomeka waya. Alasiri ile, kwenye baraza ile ya Nyamwage, hapakuwa na ushahidi mwingine. Swaumu, mkewe, alirudi kwao wiki tatu zilizopita na begi moja, na baba yake alipomuuliza mume kakufanyia nini, alijibu maneno mawili tu: "Wimbo ule." Kisha akaingia ndani, akanuna.

"Wewe unalijua kosa lako?" Mzee Mahamudu alimuuliza mkwe wake.

"Silijui, baba."

Alisema kweli. Waume wengi hawalijui.

Katika nyumba ile mke anayesuluhishwa hakai kikaoni. Swaumu alikuwa nyuma ya pazia, na maneno yake yaliletwa na shangazi yake, Bi Sikudhani, mwanamke mwenye miguu ya haraka na masikio ya haraka zaidi.

Hemedy alipiga kinanda kwenye bendi moja pale Kibiti. Bendi nyingi za pwani zimejiita jazi tangu enzi za babu zetu bila kuipiga jazi hata siku moja. Hii ya Hemedy iliipiga kweli, ndiyo maana haikuwa na wateja. Lakini siku ile hakuja kutafuta wateja. Alitaka kitu kimoja, kuondoka na mkewe. Wiki tatu alikuwa akila chipsi kavu na kulala upande wake uleule wa kitanda, kana kwamba mwenzake kaenda msalani na atarudi. 

Akategemeza daftari kwenye birika la kahawa, daftari la shule lililojaa mwandiko mdogo wa duara, akaanza.

Kodi ya kwanza, yaani zile noti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja, ilikuwa tamu. Mzee Mahamudu, aliyepiga dufu kwenye maulidi ujanani mwake, akaanza kutikisa mguu. Ya pili ikaja, nayo tamu, ila haikuijua ya kwanza. Ya tatu haikuzijua zote mbili. Katika nyimbo za watu, kodi moja huisukuma nyingine mpaka zote zifike nyumbani, pale sikio linaposema haya, tumefika. Hizi zilisimama kila moja kivyake, kama abiria wa mabasi ya Lindi waliokutana chooni: salamu, kisha kila mtu na safari yake.

Mguu wa mzee ukabaki hewani.

"Inarudi lini?"

"Hairudi, baba."

"Kwani imekwenda wapi?"

"Haijaenda popote."

Mzee akavuta astaghfirullahi ndefu. Njiani, watu waliokuwa wakitoka shamba wakasimama na majembe yao. Mmoja akauliza kama kuna msiba. Mwingine akasema hapana, kinanda kimeingia maji.

"Na binti yangu amekaa na kitu hiki miaka mitatu?"

Hemedy akalinyooshea daftari kidole, akakirudisha kwenye kinanda. Mtu aliyekuja kuomba mke hajibizani na baba wa mke.

"Mitatu, baba."

Bi Sikudhani akachungulia nyuma ya pazia, akarudi mbio. "Kaka, analia!"

"Hata mimi nataka kulia."

"Anasema mumewe asikatishwe. Apige vilevile, asipunguze kitu."

"Mnaona?" mzee aliwaambia wale wa njiani. "Anataka ushahidi utimie."

Hemedy akaendelea, jasho likimdondokea kwenye vidole. Alipiga kama ambavyo hajawahi kupiga, maana alijua kila noti inapimwa. Bi Sikudhani akachungulia tena. Safari hii alirudi polepole.

"Anafunga begi."

Mzee Mahamudu akashtuka. "Aende wapi tena? Huyu atakimbilia Mbuchi kwa bibi yake, akajifiche kwenye mikoko!" Akainuka, akamshika Hemedy bega. "Mwanangu, mimi si mtu mbaya. Talaka sizipendi. Urudishe huo wimbo nyumbani, hapahapa, mbele ya mashahidi, na mke umchukue leo hii."

Hemedy akatazama daftari. Ukurasa ulikuwa umekwisha, na kodi ya mwisho iliyoandikwa pale ilikuwa bado inaning'inia bila pa kwenda. Akatazama pazia. Alimpenda mkewe, hilo halikuwa na mjadala. Vidole vyake viliijua njia, vikateremka vyenyewe.

Ikaja kodi pana, ya kushiba, mkono wa kushoto ukiigongea chini kabisa. Nyumbani.

Baraza zima likashusha pumzi. Wale wa njiani wakapiga makofi, na mmoja akalitupa jembe lake. "Alhamdulillahi!" Mzee Mahamudu akamkumbatia mkwe wake huku machozi yanamtoka, akaita, "Swaumu! Njoo, mwanangu! Yamekwisha!"

Pazia likafunguka. Swaumu alikuwa amejitanda khanga mpya, viatu miguuni, begi mkononi, macho bado yamelowa. Akamtazama mumewe. Akamtazama baba yake. Akaliweka begi chini.

"Wimbo nimeuandika mimi, baba," alisema. "Hiyo kodi ya nyumbani ndiyo anayonichomekea kila siku."