Profesa Siwatu

Kwa kusimulia hadithi, mtaa mzima hakuna wa kunishinda. Waliokuwa wakinishinda nimeshawazika wote.

Zamda alikaa mbele ya meneja kuomba kazi, kompyuta ya kuazima imefunguliwa mezani. Programu aliyoitengeneza mwenyewe ilikuwa inawaka, ila meneja hakuitupia hata jicho.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

Kila ofisi walimuuliza hilo hilo, na kila aliposema amejifundisha mwenyewe, walimwonyesha mlango huku wakitabasamu. Leo hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Profesa Siwatu," akasema.

Uso wa meneja ukachangamka. "Ungesema mapema, binti. Siwatu ni mtu wangu kabisa. Tumesoma naye ng'ambo, tukilala chumba kimoja. Hajambo?"

"Hajambo. Siku hizi anatafuna tambuu."

"Hajabadilika yule." Meneja akavuta mkataba, akashika kalamu.

Zamda alijua akinyamaza tu, kazi ni yake. Lakini programu ilikuwa bado inawaka pale, haijatazamwa. Akainuka, akafungua mlango. Nje, kwenye benchi, alikuwepo bibi yake aliyemsindikiza, Siwatu mwenyewe, ambaye kompyuta huiita televisheni isiyo na taarabu.

"Bibi, ingia. Kuna mtu anasema mlikuwa mnalala chumba kimoja."

Bibi Siwatu akaingia taratibu, shavu limejaa tambuu, akamkagua meneja kuanzia kipara hadi viatu.

"Mimi na huyu?"

Kalamu ya meneja ilikuwa bado hewani. Bibi akatazama huku na huku, akitafuta pa kutemea.