Kona za Papa Télesphore

Séraphine aliilaza randa ya tatu ubavu juu ya meza ya Aboubakar, akarudi nyuma hatua moja kuona kama itatulia au itayumba.

"Maman, rabo haiko ya kulala vile," Aboubakar alisema. Alikuwa ameuza vyombo vya useremala pale sokoni miaka mingi, na hakupenda wanunuzi wa kugusagusa. "Inakaa ku tumbo, si ku ubavu."

"Bwana yangu ndiye amenituma. Amesema niangalie ubavu."

Ya kwanza alikuwa ameikataa: ndefu, ya kulainishia milango. Ya pili ilikuwa ndogo, lakini chuma chake kilisimama mno; chuma cha namna hiyo kikigusa kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapokatikia, hakikati, kinanyofoa. Ya tatu chuma chake kilikuwa kimelala. Séraphine akachana pembe ya katoni iliyonyooka, akaisimamisha juu ya meza ikigusa tumbo la randa, akainama kutazama upande wa jua. Mwanga haukupita.

"Nipe hii."

"Papa Télesphore amekufundisha vizuri," Aboubakar alisema. "Anaendelea namna gani?"

"Anapumzika."

Kwa miezi minane hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Wateja wa Nyalukemba, mtaa wao, walijua kwamba Télesphore alipooza kidogo, kisha akapata nafuu. Hawakujua kwamba mkono wa kulia haukurudi, kwamba haushiki hata kijiko, na kwamba kila kiti na kila mlango uliotoka katika karakana yao tangu siku hiyo ulitoka mikononi mwa mke wake. Alimwogesha asubuhi, akamlisha, akafunga pazia lililotenga kitanda chake na karakana, akaenda kupiga randa. Viti watu walivipokea bila neno. Taabu ilikuwa kadre, fremu za picha.

Kadre ndizo zilizompa Télesphore jina. Kona nne, kila kona mbao mbili zilizokatwa mshazari zikikutana, na hata unywele haupenyi. Mbao alikuwa akizikata nyumbani, lakini kona alikwenda kuzifungia kwa mama yake kule Muhumba, vipande vyote ndani ya gunia, kwa sababu, alisema, kule hakuna kelele. Mama yake alipofariki, miaka miwili kabla ya yeye kuugua, aliacha kadre kabisa. Watu walisema ni huzuni, wakamheshimu kwa hilo.

Kisha Papa Bruno, mwalimu mstaafu, akasikia kwamba fundi amepona. Alitaka kadre kumi na nne za Njia ya Msalaba kwa ajili ya kanisa lao. Séraphine hakuthubutu kukataa, angesema nini? Jioni ile alipomweleza mumewe, Télesphore aligeukia ukutani. Alipomuuliza alikuwa akitumia randa gani, alijibu tu, "Ndogo. Chuma yake inalala," akafumba macho.

Papa Bruno alikuwa amezirudisha kadre mbili. Mara ya pili alikuja na kadre ya zamani ya Télesphore chini ya kwapa, akaiweka mezani taratibu.

"Maman, hii najua iko kazi yake. Ile ingine sijui iko ya nani. Kona zinacheka, midomo wazi." Akatazama pazia. "Nitarudi siku ya tano, Ijumaa. Kama haziko sawa, nitaingia nimuulize yeye mwenyewe."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sasa ilikuwa Alhamisi.

Séraphine alipanda mlima na randa ndani ya kitenge, akafika nyumbani, akainoa, akaanza. Alibana ubao wa mti wa libuyu uliokwisha kukatwa mshazari, akailaza randa ubavu, akaisukuma kwenye ukingo wa ubao mwingine ulionyooka. Safari hii chuma hakikunyofoa. Kilitoa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu. Akaunganisha mbao mbili, akazielekeza dirishani. Mwanga ulipita, mwembamba kuliko jana, lakini ulipita. Akarudia. Akarudia tena, mpaka kadre ikapungua upana wa kidole, na kiuno chake kikakataa kunyooka. Kona ilikuwa nzuri sasa. Fundi yeyote angeiona nzuri. Ila pembeni yake ilikuwa ile ya zamani, na akipitisha ukucha kwenye kona ile hakusikia mahali ubao mmoja unapoishia na mwingine unapoanza.

Akazichukua zote mbili, akafungua pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Télé, nimechoka." Hakusema kwa hasira. "Nimepata rabo yenye ulisema. Nimekata, nimerudilia. Miezi munane niko nakimbiza mukono yako, na siifikie. Kesho Papa Bruno anaingia humu ndani. Nionyeshe tu: ulikuwa unafanya nini ku mwisho?"

Télesphore alinyoosha mkono wa kushoto. Alipitisha kidole gumba kwenye kona ya zamani, haraka, kama mtu anayeijua. Kisha akaichukua ya mkewe. Hapo kidole kilikaa. Mvua ilianza kugonga mabati, na yeye bado alikuwa ameishika.

"Séra, hii yako ndiyo kona ya kwanza imefungwa mu hii nyumba," alisema. "Zile zote alikuwa anazifunga maman yangu. Mimi nilikuwa nabeba gunia tu."