Kilichobaki Mdomoni mwa Kicheche

Zamani, kwenye miamba mikavu, aliishi Panya Miiba, mbishi asiyeshindika. Siku moja Kicheche alimvizia, akamng'ata mgongoni.

"Umekwisha, bibie," Kicheche akanguruma bila kuachanisha meno. "Wewe ni wangu."

"Wako kwa lipi?" Panya akafoka. "Chako ni kilichomo mdomoni. Kichwa changu kiko nje, miguu iko nje!"

Kicheche akachoka na maneno. "Haya, cha mdomoni changu, cha nje chako. Umeridhika?"

"Sana!"

Panya akafurukuta. Ngozi yake, laini kama karatasi iliyolowa, ikachanika na kubaki mdomoni mwa Kicheche pamoja na miiba yake, naye akachomoka mgongo wazi hadi ndani ya ufa wa mwamba.

"Rudi hapa!" Kicheche akabweka, akitema miiba.

"Nirudie nini, kaka? Tafuna chako. Mimi naotesha ngozi nyingine."