Upande wa Kulia

Jirani yao anasema Nyamizi alishindwa fainali ya kuogelea kule Dar es Salaam kwa sababu aliogopa maji yanayoonyesha chini. Eti amezoea tope la Usangu.

Si hivyo. Nyamizi alikuwa anaongoza mbio za mtindo huru, na kila alipogeuza uso kuvuta pumzi aliwaona wenzake wa kushoto amewaacha mbali. Yule wa kulia hakumwona kabisa, mpaka alipomkuta ameshagusa ukuta.

"Unachungulia upande mmoja kama kuku aliyeona mwewe," kocha alimwambia. "Jifunze na upande wa kulia, la sivyo timu ya taifa uisahau."

Tabia hiyo aliitoa mtoni. Tangu utotoni huwavusha ng'ombe wa baba yake akiogelea upande wa chini yao, wao kushoto kwake, macho yake kwao, ili maji yasiwachukue.

Mwezi mzima sasa anajifunza kuvuta pumzi upande wa kulia kwenye mfereji wa mpunga. Shingo ilimuuma mpaka akashindwa kulala, lakini imeanza kukubali. Mchujo ni wiki ijayo.

Asubuhi hii mto umejaa, na baba amefika ukingoni na kundi lote.

"Ingia, mama. Upande wako uleule, wameshakuzoea."

Nyamizi alivua kandambili, akaipapasa shingo yake.

"Baba, leo naomba nikae upande wa juu, wao wawe kulia kwangu."

Baba alikuwa anayatazama maji, na fahali wa mbele alikuwa ameshaingia mpaka magotini.